Ahadi ya Mgeni na Sheria ya Mji

Hotuba ya Kamati ya Jubilei katika sherehe za miaka 50 ya kwaya

 

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, walezi wa kwaya, wanakwaya wa zamani mliosafiri kutoka mbali, wazazi, vijana wetu na wageni wote: karibuni nyumbani. Tunamshukuru Mungu aliyetushika mkono miaka 50. Tunawashukuru pia ninyi mliotubeba kwa maombi na kwa mifuko yenu.

Historia ya kwaya wameieleza wazee wetu katika kurasa zilizotangulia za kijitabu hiki, pamoja na majina ya wenzetu waliolala. Sisi wa kamati tumepewa kazi ya kusema machache kuhusu miaka inayokuja, na tumechagua kusema juu ya fedha. Tunajua si neno tamu siku ya sherehe. Lakini leo ndiyo siku ambayo sote tupo, na neno la nyumbani husemwa watu wakiwa nyumbani.

Kuimba kuna gharama. Kuna kinanda, vipaza sauti na bili ya umeme. Kuna sare, nauli ya vijana wanaotoka mbali kuja mazoezini Jumamosi, malipo ya studio na posho ya mwalimu. Kwa miaka yote hii gharama hizo tumezibeba kwa njia tatu: michango ya wanakwaya wenyewe, msaada wa kanisa, na harambee. Kwenye harambee tumemwalika mgeni wa heshima, tukamwimbia, tukamvisha shada, naye akasimama akatoa au akaahidi. Wako waliotoa, na Mungu awabariki. Wako pia walioahidi wakapigiwa makofi, tukaiandika ahadi daftarini, na mpaka leo imebaki daftarini. Hatusemi kwa uchungu. Tunasema kwa sababu tumeona jambo moja: ahadi hizo huja nyingi mwaka wa kura, na mwaka unaofuata simu haishikwi.

Basi tukajiuliza. Je, iko njia ya mji kuwatunza waimbaji wake bila kutegemea moyo wa mtu mmoja na msimu wa siasa?

Swali hili ni la kale. Nehemia alipokuwa liwali wa Yuda, waimbaji wa Yerusalemu walikuwa wamewekewa sehemu yao ya kila siku kutoka ghalani. Alipoondoka kwa muda, sehemu hiyo ikakatwa. Aliporudi aliwakuta waimbaji na Walawi wamekimbilia kila mtu shambani kwake kutafuta riziki. Hakuwakaripia waimbaji. Aliwauliza wakuu wa mji ni kwa nini kazi imeachwa, kisha akaweka watunza hazina waliojulikana kuwa waaminifu wagawe kwa utaratibu. Sote tunawajua waimbaji wetu waliokimbilia mashambani: kijana wa sauti ya tatu aliyeenda kuendesha bodaboda Jumamosi zote, na binti wa sauti ya kwanza aliyehamia mji mwingine kutafuta kibarua.

Tulitafuta mfano wa siku hizi, mahali ambapo mji wenyewe umekubali kwa sheria kuchangia sanaa, na kwa muda wa kutosha kuonyesha faida na kasoro. Tukachagua San Francisco, mji wa magharibi mwa Marekani ulio kando ya Bahari ya Pasifiki, wenye wakazi zaidi ya laki nane. Tuliuchagua kwa sababu tangu mwaka wa 1856 umekuwa mji na kaunti kwa wakati mmoja, chini ya serikali moja, kama zilivyo Nairobi na Mombasa leo. Na una Tume ya Sanaa iliyoundwa na katiba ya mji iliyoanza kutumika mwaka wa 1932. Hiyo ni zaidi ya miaka 90 ya kujifunza, na sisi tunaweza kujifunza bila kulipa karo.

Tume ya sanaa ni nini? Ni kundi la wananchi walioteuliwa na meya, wakiwemo wasanii na wataalamu wa ujenzi, wakisaidiwa na wafanyakazi wa mji. Mikutano yao hufanyika hadharani. Mwananchi wa kawaida anaweza kuingia, kusikiliza, na kusema neno lake kabla ya uamuzi kutolewa.

Tuanze na muziki, maana ndio unaotuhusu. Tume iliundwa wakati uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka vibaya. Okestra kubwa ya mji huo ilikaribia kufa kwa kukosa fedha. Mwaka wa 1935 wananchi walipiga kura wakakubali sehemu ndogo sana ya kodi ya ardhi na majengo itengwe kwa ajili ya okestra, na Tume ya Sanaa ikawa ndiyo inayoandaa tamasha za wananchi kwa fedha hizo. Okestra ikasimama tena, na ipo hadi leo. Tazameni neno lenyewe, ndugu zetu. Watu walikuwa katika shida ya ajira na chakula, na bado waliona kwamba mji usio na muziki utakuwa na shida moja zaidi.

Fedha za sanaa katika mji huo zimepatikana kwa njia kadhaa, na kila njia imeandikwa. Tangu mwaka wa 1961, mgeni anayelala hotelini hulipa kodi juu ya bei ya chumba, na sehemu ya kodi hiyo huenda kwa vikundi vya sanaa. Hoja yao ni nyepesi: mgeni anakuja kwa sababu mji una muziki, sherehe na michoro, basi achangie wanaomfurahisha. Mwaka wa 2018 wananchi walipiga kura tena, na zaidi ya theluthi mbili wakakubali sehemu maalum ya kodi hiyo itengwe kwa sanaa na utamaduni, ili isiwe inapandishwa na kushushwa kila mwaka kwa matakwa ya wakubwa.

Sheria nyingine ni ya mwaka wa 1969. Mji ukijenga jengo la umma, asilimia 2 ya gharama ya ujenzi huwekwa kwa ajili ya kazi za sanaa. Tuseme ni hapa kwetu, na kituo cha afya kinajengwa kwa shilingi milioni 100. Milioni 2 zingewaendea wachongaji na wachoraji ili mgonjwa anayesubiri daktari asitazame ukuta mtupu. Ndiyo maana uwanja wa ndege wa San Francisco umejaa kazi za sanaa. Hakuna mchoraji aliyelazimika kumwimbia mtu shukrani ili apate kazi hiyo.

Lakini fedha peke yake hazitoshi. Kundi dogo la mtaani lisilo na jukwaa wala vifaa halifiki popote hata likipewa hundi. Mwaka wa 1967 tume ilianzisha mpango wa sanaa mitaani. Badala ya kuwangoja watu waje katikati ya mji, mpango ulikwenda kwenye mitaa yao na kuwasaidia kwa vifaa, matangazo na watu wenye ujuzi. Katika miaka ya 1970 mji ulitafuta majumba katika mitaa ya watu wa kipato cha chini ukayafanya vituo vya utamaduni. Mtaa wa Mission, wenye watu wengi wa asili ya Amerika ya Kilatini, una chake. Western Addition, mtaa uliokuwa kitovu cha Wamarekani weusi, una chake. Bayview kuna jumba la michezo la mwaka wa 1888 linalotumika hadi sasa. Majumba ni mali ya mji, na mashirika ya wenyeji ndiyo yanayoyaendesha. Kwaya au kikundi cha ngoma kinapata mahali pa kufanyia mazoezi bila kufukuzwa na mwenye nyumba.

Tume hiyo pia inawashughulikia wasanii wa barabarani. Tangu mwaka wa 1972 hutoa leseni kwa wanaouza kazi za mikono. Anayeomba lazima aonyeshe kwamba ameitengeneza bidhaa mwenyewe. Akipata leseni anauza mahali palipokubaliwa, bila kukimbizwa na askari wa mji. Mama anayeuza vyondo kando ya barabara hapa kwetu ataielewa faida hiyo haraka kuliko sisi.

Jambo jingine ni namna ya kugawa. Anayeomba ruzuku hujaza fomu, hueleza kazi yake, huonyesha sampuli na bajeti. Maombi husomwa na jopo la wasanii na watu wanaoijua kazi yenyewe, nao huyapa alama katika mkutano ulio wazi. Kundi lililokosa linaweza kujua lilikosa wapi, likarekebisha, likaomba tena.

Hata hivyo, tusije tukadhani tumeiona mbingu. Kwa miaka mingi fungu kubwa lilikuwa likienda kwa taasisi kubwa na kongwe: opera, okestra, baleti na majumba ya makumbusho. Wamarekani weusi, Walatino, watu wa asili ya Asia na wenyeji wa kwanza wa nchi walilalamika kwamba wao pia hulipa kodi, lakini sanaa yao hupewa makombo. Walilalamika kwa mpangilio, wakahudhuria mikutano, wakaleta hesabu. Mwaka wa 1993 mji ulipitisha sheria ya kuanzisha mfuko wa usawa wa utamaduni, ili makundi hayo yawe na fungu lao. Hata pale penye tume, aliyenyamaza alisahaulika.

Kasoro nyingine ni kutegemea chanzo kimoja. Katikati ya miaka ya 1970 San Francisco ilitumia fedha za serikali kuu za kuwapa watu kazi, ikawaajiri wasanii kwa mshahara: wachoraji, wanamuziki, waigizaji, wakafundisha mitaani. Ulikuwa mpango mzuri ulioigwa na miji mingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali kuu ilifunga mfereji huo, na kazi nyingi zikakauka. Mwaka wa 2020, korona ilipofunga hoteli, kodi ya vyumba ikaporomoka na vikundi vya sanaa vikatetemeka. Na mpaka leo kodi ya nyumba katika mji huo ni ghali mno, kiasi kwamba wasanii wengi wamehamia kwingine. Ruzuku ya kuandaa tamasha haimlipii mwimbaji nyumba.

Sasa turudi Kenya. Je, haya yanatuhusu?

Yanatuhusu sana. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Jedwali la Nne la katiba hiyo linazipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni, burudani za umma, maktaba, makumbusho na majengo yanayohusika. Kwa hiyo tukienda kaunti kuuliza juu ya ukumbi wa mazoezi au tamasha la kwaya, hatuendi kuomba hisani. Tunakwenda kuuliza habari za kazi waliyokabidhiwa na katiba.

Na kuna wakati wa kuuliza. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka wa 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwa tayari kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mwelekeo wa fedha hufika kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Bunge la kaunti linatakiwa kufanya kazi zake wazi na kuwashirikisha wananchi. Mikutano hiyo hutangazwa, na mara nyingi wanaofika ni wenye haja ya barabara na maji. Hao wana haki. Lakini sisi wenye sauti nne hatusikiki hata moja. Anayekwenda Julai kuuliza ukumbi amekuta sahani zimeoshwa.

Hapa lazima tuseme jambo moja waziwazi, maana wazee wetu wamelitaja na wana haki ya kulitaja. Ibada ni ya kanisa. Kenya haina dini ya serikali, na fedha za walipa kodi ni za Mkristo, za Mwislamu na za asiye na dini. Hatutaomba kaunti itununulie majoho ya Jumapili wala igharamie ibada yetu. Hayo ni mapendeleo yetu na sadaka yetu. Lakini yako mengine tunayoyafanya ambayo ni ya mji mzima: kufundisha watoto wa mtaa kusoma noti bila kuuliza wanasali wapi, kuhifadhi nyimbo za lugha zetu ambazo sasa zinakumbukwa na wazee wachache, na kuimba katika tamasha ambalo mlango wake uko wazi kwa wote. Kwa hayo tunaweza kusimama mbele ya jopo lolote bila haya. Mpaka huo pia utatulinda sisi. Anayelipia wimbo asije akataka kuchagua mahubiri.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu mapendekezo matano, yajadiliwe katika mkutano mkuu wa kwaya.

La kwanza, usajili. Kwaya isajiliwe kama kundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii, kwa baraka za baraza la wazee, iwe na katiba yake na akaunti yake ya benki. Kundi lisilo na cheti halina mlango wa kubisha.

La pili, daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mweka hazina asome hesabu kila robo mwaka mbele ya wanakwaya wote, pamoja na risiti na taarifa za M-Pesa. Siku tutakapoulizwa tulifanya nini na fedha za jana, jibu liwe kwenye karatasi.

La tatu, hazina ya nyimbo. Vijana wawarekodi wazee wetu kwa simu wakiimba nyimbo za zamani, waandike maneno, aliyetunga na mwaka ikiwezekana. Wazee hao hawatungoji. Kazi hii haihitaji ruzuku kuanza, na ndiyo itakayokuwa sampuli yetu siku ya kuomba.

La nne, ushirika. Kwaya moja ni sauti ndogo. Tuzungumze na kwaya jirani, vikundi vya ngoma, kaswida na waigizaji wa mtaa, twende pamoja kwenye mikutano ya bajeti tukiwa na ombi moja lililoandikwa: ukumbi wa umma wenye ratiba iliyo wazi kwa vikundi vyote, na utaratibu wa ruzuku unaotangazwa, wenye jopo na alama. Tuombe sheria itakayomsaidia pia yule tusiyemjua.

La tano, tusiache kuchanga. San Francisco imetuonyesha kwamba mfereji mmoja ukikauka, mwenye mitungi mitatu hafi kiu. Mchango wa mwanakwaya wa kila mwezi ubaki pale pale, hata kaunti ikitoa. Huo ndio uhuru wetu.

Na wageni wetu wa heshima, msidhani leo tunawafungia mlango. Kapu litapita, na tunaomba mtoe kwa moyo. Lakini kwa wale kati yenu mnaokaa kwenye meza za kupanga bajeti, ombi letu kubwa si la mfukoni mwenu. Mkirudi kazini, ulizeni fungu la utamaduni liko wapi, ni kiasi gani, na hugawiwa kwa utaratibu upi. Mkituletea jibu la maswali hayo matatu, mtakuwa mmetupa zaidi ya kinanda.

Vijana wetu, kwaya hii ilianzishwa na watu waliotembea kwa miguu kuja mazoezini. Waliimba bila kipaza sauti na walisikika. Hatuwaambii muimbe kwa ajili ya ruzuku. Tunawaambia kwamba kazi mnayoifanya ina thamani kwa mji huu, na mna haki ya kuisema mbele ya wanaoutawala, kwa adabu, mkiwa na karatasi mkononi. Mwaka wa 75 wa kwaya hii utakapofika, wengine wetu hatutakuwapo. Tungependa watakaosimama hapa wakute waimbaji mahali pao, si mashambani.

Mungu aibariki kwaya yetu, alibariki kanisa letu, awabariki ninyi nyote. Karibuni tuimbe.